Kimeo hupimwaje? Namba za kwenye boksi na maswali zinayoyakwepa

Pawabenki iliyoandikwa 10,000 mAh haiwezi kuipa simu yako miliampia-saa 10,000. Sizungumzii ile ya bandia. Hata iliyotengenezwa kwa uaminifu na kampuni inayolinda jina lake haiwezi. Ichaji mpaka ijae, chomeka mita ya USB kati yake na simu, yaani kile kidude chenye skrini ndogo kinachohesabu umeme unaopita, halafu iache imwage chaji yote. Utasoma 6,300 hivi, au 6,600 ikiwa nzuri sana. Wengi wakifika hapo hupiga kelele kwamba wameibiwa.

Hawajaibiwa. Seli za lithiamu zilizomo ndani hutoa wastani wa volti 3.7, na ule ujazo wa 10,000 umepimwa kwenye volti hizo. Simu haipati volti 3.7 kutoka kwenye tundu la USB, inapata 5. Nishati iliyomo ni ampia-saa 10 mara volti 3.7, yaani wati-saa 37. Gawanya 37 kwa 5, unapata ampia-saa 7.4, ndiyo 7,400 mAh. Na hapo saketi inayopandisha volti bado haijachukua chake. Hiyo hugeuza asilimia 10 hadi 15 ya nishati kuwa joto, ndiyo maana pawabenki hupata uvuguvugu ikiwa kazini. Toa na hiyo, umefika kwenye namba ya mita.

Kwa hiyo namba ya kwenye boksi ilikuwa ya kweli. Ila ilijibu swali la "seli zilizomo zina ujazo gani?" wakati mnunuzi aliuliza moyoni mwake, "simu yangu itapata chaji kiasi gani?" Katika kupima vimeo, yaani vifaa vya ajabu, vilivyokufa na vilivyowaudhi wenyewe, nimeona kwamba ugomvi mwingi kati ya mtu na kifaa chake umejificha kwenye pengo hilo. Anayepima bila kulijua atamtia hatiani asiye na kosa, na atamwacha mwizi aende zake.

Mzani kabla ya bisibisi

Maana mwizi naye yupo. Kuna pawabenki zimeandikwa 30,000 mAh na zinaenea kiganjani kama sabuni. Kwa hizi huna haja hata ya mita. Weka kwenye mzani wa jikoni. Seli ya mviringo inayotumika sana, iitwayo 18650 kwa sababu ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na zile bora hubeba takriban 3,500 mAh. Kufikisha 30,000 unahitaji seli tisa, yaani zaidi ya gramu 400 za seli peke yake, bila ganda wala saketi. Ikiwa kitu kizima kina gramu 180, umeshauziwa mbuzi kwenye gunia, na hakuna haja ya kushika bisibisi.

Seli zenyewe huuzwa zimeandikwa hadi 9,900 mAh. Hakuna 18650 inayofika huko. Zilizowahi kukatwa zikachunguzwa zimekutwa na kiseli kidogo ndani ya kopo kubwa, na nafasi iliyobaki imejazwa unga ili mkono usishtukie wepesi. Aliyefanya hivyo anajua kabisa kwamba wanunuzi hupima kwa mkono, ndiyo maana naupenda mzani: mkono unadanganyika kwa urahisi.

Flashi feki ni mwizi wa aina nyingine, na kwangu mimi ndiye mbaya zaidi, kwa sababu anachoiba siyo pesa tu. Kila flashi ina kidhibiti kidogo kinachoiambia kompyuta, "mimi nina ukubwa huu." Kompyuta haina njia ya kubisha, inaamini. Mjanja huchukua chipu yenye gigabaiti 16 na kukibadilishia kidhibiti programu yake ya ndani ili kidai terabaiti 2. Ukichomeka, unaona terabaiti 2. Ukiweka faili kumi, zinafunguka vizuri. Ukivuka ule ujazo wa kweli, kidhibiti ama hutupa data mpya ama huandika juu ya ile ya zamani, huku orodha ya majina ya faili ikiendelea kurefuka kana kwamba kila kitu kiko salama. Mtu hugundua miezi kadhaa baadaye, anapofungua picha za marehemu mama yake na kukuta faili zisizo na kitu ndani.

Kwa hiyo kuangalia ukubwa unaoonyeshwa si kipimo kabisa. Cha kuuliza ni kama flashi inarudisha ulichoipa. Programu ya H2testw, iliyotoka kwa jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't, na ile ya F3 inayotumika zaidi kwenye Linux, hufanya jambo moja la kuchosha: hujaza flashi nzima kwa data inayojulikana, kisha huisoma yote na kulinganisha. Huchukua saa nyingi. Kwa flashi yoyote utakayoiaminia kitu usichoweza kukipata tena, saa hizo zina thamani.

Hapo hapo kuna asiye na hatia anayesingiziwa kila siku. Flashi ya gigabaiti 64 ikionyesha 59.6 kwenye Windows haijaibwa hata baiti moja. Mtengenezaji alihesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu kwa 1,073,741,824, kisha huweka jina lile lile. Ni flashi ile ile, imepimwa kwa vibaba viwili.

Na ukiona spika ndogo ya USB imeandikwa wati 1,000 na mbele yake herufi PMPO, yaani nguvu ya kilele ya muziki, kumbuka tu kwamba tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa volti 5 na nusu ampia, yaani wati 2.5. Herufi hizo hazina kanuni moja inayokubalika ya kuzipima, kila mtengenezaji huandika apendavyo.

Kabla ya kukihukumu, hakikisha ndicho chenyewe

Vifaa vingi vinavyoletwa vikiitwa kimeo ni vizima, vimeponzwa na waya. Kebo nyembamba ya chaja ina ukinzani, na umeme unapopita volti hupungua njiani. Kebo yenye ukinzani wa nusu omu kwa kwenda na kurudi, ikipitisha ampia 2, hupoteza volti nzima: chaja inatoa 5, simu inapokea 4. Simu nyingi zikiona hivyo hupunguza kasi ya kuvuta ili volti zisianguke zaidi, na mwenye simu anaona inachaji kwa kusuasua. Analaumu betri, ananunua betri mpya, tatizo linabaki pale pale.

Fundi mzuri hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kebo kwanza, kisha chaja, kisha tundu la ukutani, kisha husafisha tundu la simu lililojaa vumbi la mfukoni, na ndipo hugusa kifaa chenyewe. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na kifaa kikapona, hujui kilichokiponya, na kesho utamshauri mwenzako vibaya. Nimewaona watu wenye vipimo vya gharama wakiruka hatua hii, na majibu yao hayana uzito wowote.

Vitu visivyowezekana

Vipo vifaa ambavyo havina haja ya kupimwa kwa mikono kwa sababu hesabu imeshavipima. Chukua chupa inayodai kuvuta unyevu hewani na kujijaza maji ya kunywa kwa kisahani kidogo cha umeme wa jua. Ili mvuke wa lita moja ya maji ugeuke kuwa maji, ni lazima uondoe joto lililomo ndani yake, ambalo kwenye hali ya kawaida ya hewa ni kama wati-saa 680. Kisahani cha wati 5 kikikaa kwenye jua kali saa nane hutoa wati-saa 40. Tukikifanyia ukarimu na kusema kila wati inaondoa joto la wati moja, kwa siku nzima utapata kama mililita 60. Ni vijiko vinne vya chakula. Mchoro wa chupa hiyo unaweza kuwa mzuri kupindukia na video yake ikaliza watu, lakini vijiko vitabaki vinne.

Kisanduku cha kuchomeka ukutani "kupunguza bili ya umeme" kinastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu muuzaji wake huja na kipimo mkononi, na kipimo hicho hakidanganyi. Ukikifungua unakuta taa ndogo, saketi ya kuiwasha hiyo taa, na kapasita, yaani kijipande kinachoshika umeme kwa muda mfupi na kuurudisha. Muuzaji huwasha mota au feni, hufunga mita ya ampia kwenye waya, kisha huchomeka kisanduku chake. Ampia zinashuka mbele ya macho yako. Nani atabisha?

Kinachotokea ni hiki. Mota huvuta umeme wa aina mbili kwa pamoja: ule unaofanya kazi, na ule unaokwenda na kurudi kati ya mota na gridi bila kufanya kazi yoyote, ukijenga na kubomoa usumaku. Kapasita huweza kuupokea huo wa pili pale pale nyumbani, hivyo ampia zinazopita kwenye waya wa kutoka nje hupungua kweli. Lakini mita ya nyumbani huhesabu umeme unaofanya kazi, kwa kilowati-saa. Ule wa kwenda na kurudi haukuwa kwenye bili tangu mwanzo. Viwanda vikubwa hutozwa kwa ajili yake, na huko kapasita zina maana. Nyumbani kisanduku hicho kinatatua deni ambalo hudaiwi. Kipimo cha haki ni kuweka watimita kwenye friji, kusoma kilowati-saa za siku kadhaa bila kisanduku, kisha siku kadhaa nacho, na kulinganisha.

Mwaka 2015 lilitokea jambo kama hilo kwa betri ndogo za kawaida. Kifaa kilichoitwa Batteriser, kiganda chembamba cha chuma chenye saketi ya kupandisha volti, kilidai kurefusha maisha ya betri hadi mara nane. Hoja yake ilikuwa kwamba vifaa vingi huzimika wakati betri bado imejaa nishati, mara tu volti zinaposhuka kidogo chini ya 1.5. Wahandisi walichukua vifaa vya kawaida wakavilisha umeme wa volti zinazopunguzwa kidogo kidogo, wakaangalia vinazimikia wapi. Vingi viliendelea kufanya kazi hadi karibu na volti 1.1 au chini ya hapo, ambako betri ya alkalaini imeshatoa sehemu kubwa ya nishati yake. Kilichobaki cha kuokoa kilikuwa kidogo, na saketi yenyewe ilikula sehemu yake. Naupenda uchunguzi huo kwa sababu haukuanza na kifaa kilichoshtakiwa. Ulianza na dhana ambayo madai yote yaliegemea, na dhana ilipoanguka madai yakaanguka nayo.

Kuna na aina ya ajabu zaidi: kifaa kinachofanya kazi barabara, ila kazi yenyewe haikihitaji. Mwaka 2017 waandishi wa shirika la habari la Bloomberg walichukua pakiti za matunda zilizotengenezwa kwa ajili ya Juicero, mashine ya kukamua juisi iliyounganishwa na intaneti, wakazikamua kwa mikono mitupu. Juisi ilitoka karibu sawa na ya mashine. Kampuni ilifunga shughuli zake Septemba mwaka huo huo. Mashine yenyewe ilikuwa imeundwa kwa uhandisi mzito, na wengi walioifungua waliusifu. Kilichokosekana ni mtu wa kujaribu mapema kuifanya kazi hiyo bila mashine. Kila upimaji unahitaji jaribio hilo la pembeni, la kufanya bila kifaa, ili uwe na cha kulinganishia.

Kinachofanya kazi lakini kinaua

Hapa nasema kwa uzito wote. Chaja mbovu huchaji simu. Hilo ndilo linaloifanya iwe ya hatari: jaribio la mtu wa kawaida, yaani kuchomeka na kuona kama inaingiza, hujibiwa "ndiyo."

Ndani ya chaja kuna pande mbili. Upande mmoja una umeme wa ukutani, ambao kwenye nchi zenye volti 230 hufika kilele cha takriban volti 325. Upande wa pili una volti 5 unazozigusa kwa mikono yako. Kati yao kuna transfoma na nafasi tupu ya milimita kadhaa kwenye ubao wa saketi, na nafasi hiyo ndiyo uhai wako. Mtengenezaji anayebana gharama huisogeza, au huacha kuweka utepe wa kuhami kwenye transfoma. Chaja itafanya kazi miezi, hata miaka, mpaka siku ya unyevu au radi ya mbali. Mwaka 2016 maabara ya usalama ya UL ya Marekani, iliyoanzishwa 1894, ilipima chaja 400 bandia zenye nembo ya Apple. Zilizofaulu vipimo vya msingi vya usalama zilikuwa 3. Kati ya zilizoshindwa, 12 zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa shoti.

Kipimo hicho hufanywa kwa kusukuma maelfu ya volti kati ya pande mbili na kuangalia kama kuna umeme unaovuka. Si cha kufanyia mezani kwako. Na usifungue chaja iliyotoka ukutani muda mfupi uliopita: kapasita yake kubwa inaweza kuwa bado imeshika volti mia kadhaa. Betri ya lithiamu iliyovimba nayo haichomwi sindano ili "kutoa gesi." Inaondolewa kwenye matumizi, haichajiwi tena, inapelekwa panapopokelewa taka za betri.

Hata kebo inaweza kuwa na kosa lisiloonekana. Mwishoni mwa 2015, mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza kununua kebo za USB-C zilizouzwa mtandaoni na kuzipima moja moja. Kebo inayounganisha USB ya zamani na USB-C inatakiwa iwe na rezista ya kilo-omu 56, ambayo kazi yake ni kuiambia simu, "chanzo hiki ni cha kawaida, usivute sana." Kebo nyingi zilikuwa na ya kilo-omu 10, ambayo huiambia simu ivute hadi ampia 3, hata kama upande wa pili kuna tundu dhaifu la kompyuta. Februari 2016 kebo moja, iliyokuwa na nyaya za umeme zilizounganishwa kinyume, iliharibu kompyuta yake aliyokuwa akiifanyia vipimo. Mwezi uliofuata Amazon ikapiga marufuku kebo za USB-C zisizofuata kanuni. Fikiria kwamba rezista hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele, na hakuna mnunuzi duniani ambaye angeiona.

Vifaa vya afya vinahitaji ukali huo huo. Saa janja husoma mapigo kwa kumulika ngozi na kupima jinsi mwanga unaorudi unavyobadilika damu inapopita. Watu hupenda kuifunga saa kwenye ndizi, na ikionyesha mapigo 78 wanacheka na kuitupa. Jaribio hilo lina maana, ila si ile wanayoidhani. Saa nyingi, hata nzuri, zitatafuta mdundo kwenye kelele zozote zinazorudi na huenda zikaupata. Ndizi inakuambia kwamba saa haijui ikiwa haiko mwilini, haikuambii kama inasoma sawasawa ikiwa mwilini. Kwa hilo, weka vidole kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 60, linganisha. Kisha panda ngazi, rudia. Saa feki mara nyingi hubaki pale pale kwenye sabini na kitu wakati moyo wako unagonga 130.

Saa au pete inayodai kupima sukari kwenye damu bila kutoboa ngozi, hiyo achana nayo kabisa. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayofanya hivyo yenyewe. Mgonjwa anayepanga dozi ya insulini kwa namba ya uongo anaweza kuzimia ndani ya saa chache. Sijui neno la upole la kumwelezea anayemuuzia mgonjwa kitu kama hicho.

Kimoja hakitoshi, na wiki haitoshi

Sasa tufike kwenye udhaifu wa kazi hii yenyewe. Anayepima kifaa kimoja amepima kifaa kimoja, hajapima bidhaa. Tuseme kati ya kila vifaa 100 vinavyotoka kiwandani, 5 ni vibovu. Ukinunua kumi na kuvipima vyote kwa uangalifu mkubwa, uwezekano wa kutokutana na kibovu hata kimoja ni karibu asilimia 60.

Simu ya Galaxy Note 7 ilipotoka Agosti 2016, ilisifiwa sana na waliopewa kuijaribu, na walisema kweli. Mwanzoni mwa Septemba Samsung ilitangaza kuzirudisha simu zipatazo milioni 2.5 baada ya visa 35 kuripotiwa. Hakuna mpimaji mwenye simu moja mezani ambaye angeweza kuliona hilo. Kulielewa, kampuni ililazimika kuweka wahandisi na watafiti wapatao 700, simu zaidi ya 200,000 na betri zaidi ya 30,000 kwenye vipimo. Januari 2017 ikaeleza kwamba betri za wasambazaji wawili zilikuwa na kasoro mbili tofauti: moja ilikuwa imebanwa kwenye kona, nyingine ilikuwa na vijiti vya chuma vilivyobaki kwenye uchomeleaji.

Chanzo cha sampuli nacho kina uzito. Kifaa kilichotumwa na mtengenezaji kwa mpimaji kinaweza kuwa kimechaguliwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mara nyingine kibaya hutembezwa kwa kumtanguliza ndugu yake mzuri. Ndiyo maana Consumer Reports ya Marekani, iliyoanza 1936, na Stiftung Warentest ya Ujerumani, iliyoanzishwa 1964, hununua bidhaa za kupima madukani kama mnunuzi yeyote. Na hata kifaa cha dukani kinaweza kutambua kwamba kiko kwenye mtihani. Mwaka 2013 iligundulika kuwa simu kadhaa zilikuwa na orodha ya majina ya programu za kupimia kasi, na zikiona mojawapo imefunguliwa huongeza nguvu kuliko kawaida. Wapimaji walibadilisha jina la programu tu, bila kugusa kitu kingine, na alama zikashuka.

Muda nao haudanganyiki kirahisi. Balbu ya LED iliyoandikwa saa 25,000 ingehitaji karibu miaka mitatu kuwaka mfululizo ili ithibitishwe. Hakuna anayesubiri hivyo. Utaratibu unaotumika sana, LM-80, hupima chipu za LED kwa angalau saa 6,000, yaani siku 250, kisha utaratibu mwingine uitwao TM-21 huruhusu kukadiria mbele hadi mara sita ya muda uliopimwa ikiwa sampuli zilitosha. Ni hesabu ya heshima. Lakini imepima chipu, na balbu nyingi hazifi kwa chipu. Hufa kwa saketi iliyo kwenye kitako, hasa kapasita yenye kimiminika ndani, ambayo maisha yake hupungua kwa takriban nusu kila joto linapopanda nyuzi 10. Ifungie balbu ndani ya kifuniko cha taa kisichopitisha hewa, joto lipande nyuzi 20, na kapasita hiyo inabakiwa na robo ya umri wake. Boksi halikusema uongo. Liliongelea kiungo ambacho hakikuwa mgonjwa.

Ni hivyo hivyo kwa simu iliyoandikwa IP67, alama ya kuhimili vumbi na maji. Namba ya 7 inamaanisha ilizamishwa mita moja kwenye maji safi yaliyotulia kwa dakika 30, ikiwa mpya. Haikupimwa kwenye maji ya bahari wala ya sabuni, na haikupimwa baada ya gundi yake kuchoka na kioo kuanguka mara mbili.

Kuna kifo kimoja ambacho maabara haina kifaa cha kukipima. Mei 2016, kisanduku cha Revolv, kilichowaunganishia watu taa na milango ya nyumba, kiliacha kufanya kazi kwa sababu mwenye seva aliizima. Februari 28, 2025 zilizimwa seva za Humane AI Pin, kidude cha kubandika kifuani kilichokuwa kimeanza kuwafikia wanunuzi Aprili 2024, hata mwaka haujaisha. Kamera zilikuwa nzima, betri nzima, saketi nzima. Hakuna kilichoungua.

Siku hizi, kifaa chochote kinachodai akaunti kabla ya kuwaka, nakipima kwa kuzima ruta. Nakiacha hivyo siku nzima, naandika kwenye daftari kila kazi iliyokataa: taa haikuwashwa na kitufe, kengele haikulia, kamera haikurekodi kwenye kadi yake yenyewe. Orodha hiyo naiweka ndani ya boksi pamoja na risiti, wakati dirisha la kurudisha mzigo bado liko wazi.